Mama Mkwe Wangu na Rekodi ya Pangani

Mimi si mtu wa kumsifu mama mkwe. Wanawake wenzangu wa mtaa huu wa Dunda watanielewa, na wanaume wasiponielewa hainihusu. Niliingia nyumba hii bibi harusi mwenye ulimi mkali, nikamkuta mwenye nyumba ana ulimi mkali kunishinda, na tangu siku hiyo tunaishi kwa adabu, kila mmoja akijua kuwa mwenzake hakosi neno la kujibu. Kwa hiyo nikikuambia kwamba Bi Mwajabu binti Kitwana ni mtu wa kujivunia, ujue sijatumwa wala sijipendekezi.

Kazi yake ni kusikiliza. Kila Alhamisi, baada ya sala ya alasiri, hukaa mbele ya kipaza sauti katika redio yetu ndogo ya hapa Bagamoyo, akaeleza muziki gani umetoka, una uzuri gani na una ubovu gani. Hashughuliki na nyimbo za mmoja mmoja. Hizo, asema, zina watu wao wa kuzipigia debe. Yeye anataka mikusanyiko, yaani wasanii mbalimbali waliowekwa mahali pamoja, na hasa rekodi zilizofanywa ukumbini mbele ya watu, ambako mwimbaji akikosea hana pa kujificha.

"Wimbo wa studio ni mtu aliyekwishavaa akatoka," huniambia. "Wa ukumbini ni mtu uliyemfuma nyumbani kwake."

Kipindi chenyewe kinaitwa *Tuisikilize Kwanza*, na jina alilitia yeye. Watu humsikiliza toka Kerege mpaka Msata. Nimewahi kupanda basi la Msata nikakuta dereva amewanyamazisha abiria wasigombane kwa sababu "mama anasema". Sikumwambia mtu yeyote mle ndani kuwa huyo mama nimemwacha nyumbani asubuhi akinigombeza kwa kuunguza maharage, lakini nilijivuna kimya kimya mpaka nikapitiliza kituo.

Ameipata wapi kazi hii? Marehemu baba yake alikuwa na duka la kanda, zile kanda za kaseti, karibu na soko. Mteja akija na kanda tupu, akitaka nyimbo za mchanganyiko, aliyekuwa akizipanga ni Mwajabu, msichana wa ushungi, kibandani nyuma ya pazia. Ndipo alipojifunza kwamba wimbo mzuri ukiutanguliza vibaya unauua unaofuata. Miaka mingi baadaye, redio ilipofunguliwa, alipiga simu kulalamika kwamba mtangazaji, kijana anayeitwa Yahya, anakata nyimbo kabla hazijamalizika. Yahya akamjibu kwa utani: kama anajua sana, aje afanye yeye. Maskini, hakujua anaongea na nani. Kesho yake mama alikuwa ameshafika na baibui lake jipya.

Namna yake ya kufanya kazi niieleze, maana wengi hudhani anaropoka. Mkusanyiko ukimfikia, mara ya kwanza huusikiliza akiwa anasuka ukili, ule utepe wa miyaa unaoshonwa ukawa mkeka. Anakaa sebuleni kwetu, miguu kaikunjua, spika ndogo iko juu ya kabati, mikono inakwenda. Wimbo wa kawaida hauizuii mikono. Ukifika wimbo uliokamilika, mikono inasimama yenyewe, na yeye hajui kama imesimama. Mimi niko barazani na cherehani yangu, nachungulia mlangoni. Nikiona mikono imetulia, najua kuna mtu atasifiwa Alhamisi. Mara ya pili anasikiliza akiwa hana kitu mkononi, macho kayafumba, na hapo ole wako umwite.

Siku ile alipoletewa mkusanyiko wa singeli, vijana wote wa stendi walisubiri awatukane. Mama akasikiliza toka mwanzo hadi mwisho. Akasema ngoma zimepangwa kwa akili kuliko wanavyodhani wakubwa, ila vijana watatu wa mwisho wanakimbia bila kujua wanakokwenda. Vijana wakashangilia kama wamefunga goli. Hata wale watatu.

Ana masharti mawili, na hayo ndiyo chanzo cha yote haya. Msanii haingii nyumbani kwetu. Asije kabla ya kusemwa, asije baada ya kusemwa. Halua hatupokei, kilo ya sukari hatupokei, hata shikamoo ya mlangoni ikitoka kwa mtu mwenye rekodi inaitikiwa kutoka ndani na mlango ukiwa umerudishwa. Na neno akishalitoa hewani, halirudishi. Alisema akirudisha moja tu, kesho baraza itajaa watu wanaotaka yao yarudishwe. Niliona ni sawa. Kusema kweli niliona ni fahari, kwamba nyumba yetu ina mlango ambao mtu hauingii kwa kubembeleza.

Basi, baada ya Idi ukatoka mkusanyiko ulioitwa *Mwambao Ukumbini*. Vikundi kadhaa vya pwani vilikuwa vimealikwa Pangani, kila kimoja kikapiga mbele ya watu, yote yakarekodiwa. Kulikuwa na vijana wa kasida kutoka Kerege, kulikuwa na ngoma kutoka bara huko Msata, kulikuwa na dansi, na kulikuwa na taarabu ya kikundi chetu cha hapa mjini, Nuru ya Dunda. Mama hakwenda Pangani. Alikuwa amelala na homa, na mimi ndiye niliyekuwa nikimnywesha uji.

Nuru ya Dunda walimsimamisha mwimbaji mpya, Ummy, binti mdogo ambaye sauti yake tulikuwa tukiisikia kwenye harusi tu. Hii ndiyo ilikuwa rekodi yake ya kwanza maishani. Wimbo aliopewa ulitungwa na marehemu Mahmoud, mpiga fidla wa kikundi, aliyefariki mapema mwaka huo huo. Mama aliufungua akiwa na ukili wake, mimi nikachungulia. Mikono ilisimama mapema kabisa, kwenye beti ya kwanza. Nikasema moyoni, haya, Ummy kapata.

Halafu katikati ya wimbo likatokea jambo. Ummy alifika kwenye maneno haya:

*Njia yangu si ya mbali, nipokee nikifika,*
*Sikuja na mali ghali, nimekuja kupumzika.*

Akayaimba. Akayarudia. Akayarudia tena, na tena, na tena, wala hakuendelea na beti inayofuata. Si hilo tu. Ukumbi wote ulinyamaza. Si kigelegele, si kofi, si mtu kukohoa. Juu ya kimya hicho, dumbaki, ile ngoma ndogo ya taarabu, ikawa inagonga ovyo: ko-ko, kimya, koo. Ko-ko, kimya, koo. Haiendi na fidla wala na kinanda.

Mama alikunja uso. Akauweka ukili chini, akaurudisha wimbo nyuma, akausikiliza tena.

"Kasahau shairi," akasema.

Nikamwambia labda kuna mtu alikuwa anakwenda kumtunza. Maana kila mtu hapa anajua: katika taarabu mtu akiinuka kwenda kumpa mwimbaji tuzo, mwimbaji hurudia beti ile mpaka mtoaji afike, asije akamwacha njiani.

"Wahida mwanangu, mtu akienda kutunza, ukumbi unakuwaje?"

"Unalipuka."

"Hapa umelipuka?"

Na yeye akaeleza, kwa utulivu wa mtu aliyezisikia kumbi maisha yake yote, kwamba ukumbi wa taarabu hunyamaza kwa jambo moja tu: mwimbaji akipotewa. Hapo wenye adabu hukaa kimya ili wamsitiri, asizidi kuona haya. Watu wa Pangani wana adabu, ndiyo maana wakanyamaza. Na mpiga dumbaki naye akababaika. Hoja ilikuwa imekaa sawasawa kiasi kwamba mimi mwenyewe niliikubali, na Alhamisi nilipoisikia redioni nilicheka kwa sauti, sindano ikanichoma kidole.

Kwa sababu aliisema vizuri, huo ndio ubaya wake. Aliwasifu wa Kerege kwamba dufu zao zinaingia pamoja kama familia moja inayoitikia amina. Aliwasifu wa Msata. Kisha akasema: "Na binti yetu Ummy, sauti Mungu kampa, shairi alipaswa kujipa mwenyewe. Kasahau katikati, akatuzungusha hapo hapo kama mtu anayetafuta ufunguo gizani. Nawapongeza watu wa Pangani kwa kumsitiri. Na mpiga dumbaki, kama alitaka kumsaidia, angenyamaza na yeye."

Mji mzima ulicheka. Ule mfano wa ufunguo ulizunguka mpaka sokoni. Mtu akisahau jina la mtu, anaambiwa, umekuwa Ummy.

Mimi ni fundi wa nguo, na fundi wa nguo hujua habari za harusi kabla ya bwana harusi. Nilikuwa nikishona sare za shughuli moja ya Kerege ambako Ummy alikuwa ameshaalikwa kuimba. Wenye shughuli wakaja kupima, wakaniambia wamebadilisha mwimbaji, hawataki aibu mbele ya wakwe. Wiki iliyofuata nikasikia wengine nao wamebadilisha. Kisha mteja mmoja akaniambia Ummy haendi tena mazoezini. Amemwambia kiongozi wao, Bwana Twalib, amtafute mwimbaji mwingine, yeye kuimba kumetosha.

Nilimpelekea mama habari hizo akiwa anachambua mchele. Hakuinua uso.

"Sikumwambia aache," akasema. "Nimemwambia ajifunze shairi."

Sikupendezwa. Nilimwonea yule binti uchungu.

Siku chache baadaye, mchana, nilikuwa barazani nashona na mama yuko ndani na ukili wake. Sikuwa nikitazama njiani. Nikasikia kitu kinakuja kwenye ule ujia wa saruji ulio kati ya nyumba yetu na ya jirani: ko-ko, kimya, koo. Ko-ko, kimya, koo.

Niliacha kukanyaga cherehani. Nikageuka kumtazama mama. Mikono yake ilikuwa imesimama.

"Hodi!" ikaita sauti.

Alikuwa Bi Sihaba, mjane wa Mahmoud. Mguu wake mmoja ni mbovu siku nyingi. Akitembea hugusa chini kwa mkongojo mara mbili kutafuta mahali pa imara, hutulia, kisha huutupa mguu na mkongojo pamoja kwa kishindo. Ndivyo anavyotembea, na mji mzima tunajua, lakini nani anayekaa akisikiliza jinsi jirani yake anavyotembea?

"Shikamoo, bibi," nikasema.

"Marahaba, mwanangu. Mkweo yupo?"

Mama alikuwa ameshasimama mlangoni. "Shikamoo, dada Sihaba. Karibu ndani."

"Marahaba, mdogo wangu. Nimekaribia. Nilikuwa kwa binti yangu Msata tangu tuliporudi Pangani, redio sikufungua, nimerejea jana. Nikaambiwa umemsema mtoto redioni kwamba kasahau shairi." Akaketi, akauegemeza mkongojo gotini. "Nimekuja nikwambie, hakusahau."

Alieleza bila kugomba, na hilo ndilo lililoumiza. Nuru ya Dunda walimchukua Pangani kama mgeni wao. Eda yake ilikuwa ndiyo kwanza imekwisha, na hiyo ndiyo ilikuwa safari yake ya kwanza kutoka nje. Asubuhi ile alikuwa amejifungia kikuba, kile kishada cha asumini na mrehani, cha kwanza tangu afiwe, kwa kuwa mwenye eda hagusi chochote cha harufu nzuri. Ummy alipoanza wimbo wa Mahmoud, akashindwa kukaa. Akainuka kutoka viti vya nyuma kabisa, akaanza kutembea kwenda mbele kumtunza. Wapangani walimjua, kwa sababu Mahmoud alipiga huko ujana wake wote. Walipomwona mjane wake ameinuka kwa wimbo wa mumewe, hakuna aliyethubutu kupiga kigelegele. Wakamwachia njia na kimya chao.

"Ukumbi ni mrefu na mguu ndio huu," akasema Bi Sihaba. "Yule mtoto aliniona. Hakuniacha. Akawa ananiimbia yale yale maneno mpaka nikafika, nikakitoa kikuba changu nikamtia yeye. Ndipo akaendelea."

Mama aliketi mkabala naye. Kisha akauliza, taratibu, "Na kwa nini yeye mwenyewe asiseme? Hata Twalib asiseme?"

"Hapa kwako wao hawaingii, si ndivyo?"

"Redioni wangepiga simu."

"Twalib alitaka. Ummy akamkatalia. Akasema kuieleza habari ile ni lazima anitaje mimi na msiba wangu mbele ya watu, na mimi sikumpa ruhusa. Akaona bora lawama ibaki kwake."

Nilimwona mama akiinama kama mtu aliyewekewa gunia begani. Alikuwa amewasifu watu wa Pangani kwa kumsitiri Ummy, kumbe Ummy ndiye aliyekuwa akimsitiri mtu, na bado alikuwa anamsitiri wiki zote hizo, huku mji ukimcheka.

Akainuka akaufungua wimbo. Bi Sihaba alikuwa hajawahi kuisikia ile rekodi. Tulikaa wanawake watatu, tukamsikiliza Ummy akirudia, na chini yake mkongojo: ko-ko, kimya, koo. Safari hii ilisikika wazi kwamba sauti inasogea. Inaanzia mbali, inakaribia, inakaribia, mpaka inasimama mbele ya kipaza sauti, na hapo hapo Ummy anavuta pumzi na kwenda beti inayofuata. Bi Sihaba alilia kidogo, akafuta uso kwa ncha ya kanga, akasema, "Kumbe natembea kwa kelele hivyo." Tukacheka, na kucheka kwenyewe kulituuma.

"Unaniruhusu nikutaje?" mama akamuuliza.

"Nitaje kwa jina langu, na jina la mume wangu. Aibu ya nini?"

Bi Sihaba alipokwisha kuondoka, mama alimpigia Yahya, mtangazaji wake, akamwambia Alhamisi ana jambo la kurudisha. Simu aliiweka sauti ya juu, nikasikia yote. Yahya alisita. Akasema, kwa heshima zote, mama, watu wanakuamini kwa sababu hujawahi kurudi nyuma. Ukirudi leo, kila uliyemsema atakuja na hadithi yake. Tumsifu tu huyo binti wiki ijayo katika jambo jingine, yatasahaulika.

Na mimi, nisijifanye shujaa, nilikuwa upande wa Yahya. Niliogopa. Jina la mama ni jina la nyumba yetu, na mimi ndani ya jina hilo nimejengea kibanda changu. Nikamwambia, "Mama, sema basi kwamba rekodi haikuwa safi, ndiyo maana hukusikia vizuri. Huo si uongo mkubwa."

Alinitazama kwa jicho ambalo sijalisahau.

"Rekodi ilikuwa safi, Wahida. Kila kitu kimo mle ndani, hata hatua zake. Yaliyokuwa na kiburi ni masikio yangu."

Alhamisi nilifunga cherehani nikamsindikiza. Tulipita Dunda kwa miguu, redio ziko wazi madukani, watu wanatusalimia, nami natembea nyuma yake. Yahya alitukaribisha kwa uso wa mtu aliyekwenda kuzika. Nikakaa kwenye kiti cha kona, ndani ya chumba kile kidogo chenye feni mbovu.

Taa nyekundu ikawaka, mama akasema:

"Assalaam alaykum. Mimi ni Mwajabu binti Kitwana. Mnajua neno langu silirudishi. Leo nalirudisha."

Akaupiga wimbo, sehemu ile. Akauacha mpaka watu wasikie kimya. Kisha akasema juu yake, pole pole: "Hiyo mnayoisikia inagonga, niliwaambia ni dumbaki imepotea. Mpiga dumbaki, uniwie radhi, mikono yako ilikuwa imetulia magotini. Huo ni mkongojo wa Bi Sihaba, mke wa marehemu Mahmoud aliyetunga wimbo huu. Ametoka eda. Anatembea kwenda kumtunza mwimbaji. Sikilizeni anavyokaribia." Akanyamaza akawaachia mkongojo uje. "Na huyo anayemwimbia mpaka afike ndiye Ummy, niliyewaambia kasahau. Hakusahau. Alikuwa na shairi zima kichwani, akalizuia, ili mwanamke mmoja asibaki katikati ya ukumbi peke yake. Nimesikiliza rekodi za kumbi tangu nikiwa na ushungi, na tuzo iliyopokewa kwa adabu kama hii sijapata kuisikia. Nilimdhalilisha mbele yenu, namtaka radhi mbele yenu. Aliyemwondoa katika shughuli yake kwa neno langu, ajue neno lile lilikuwa bovu."

Yahya alikuwa amejiziba mdomo kwa kiganja. Mimi nilikuwa nalia waziwazi, tena kwa raha. Nikadhani amemaliza, maana mtu gani angeongeza kitu hapo?

Yeye akaongeza.

"Lakini kwa kuwa nimesikiliza upya, nitasema na nililoliacha. Beti ya mwisho kabisa, Ummy, pumzi ilikuishia. Neno la mwisho umelimeza. Najua ulikuwa unalia, na ningekuwa mimi ningelia. Ila wimbo ulikuwa bado haujakwisha na ulikuwa unakuhitaji. Rekodi ijayo tulisikie neno hilo."

Nilitamani kumvuta baibui. Yahya akafumba macho. Mama akawatakia wasikilizaji jioni njema, akavua vile visikilizio kichwani, akaniuliza nyumbani tuna nazi au tupitie sokoni.

Kesho yake, baada ya sala ya Ijumaa, wakaja. Nilimwona Bwana Twalib kwanza, kofia kaisukuma nyuma, hasira zimemtangulia hatua mbili. Ummy alikuwa nyuma yake, amejitanda kanga mpaka usoni. Mama aliwasikia, akaurudisha mlango, akasimama ndani. Sharti ni sharti.

"Bi Mwajabu!" Twalib akasema barazani. "Unamtaka mtoto radhi, halafu papo hapo unamkosoa? Hata katika kuomba radhi? Huwezi kujizuia japo siku moja?"

"Bwana Twalib, wa alaykum salaam," mama akajibu ndani.

Twalib akaona haya, akatoa salamu yake imechelewa. Ummy akampita, akasogea karibu na mlango mpaka pua yake ikakaribia kugusa mbao.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba."

"Sikuja kukubembeleza, na sikuja kukushukuru. Shughuli mbili zimenirudia jana ile ile, lakini si hilo lililonileta." Akaishusha kanga usoni. "Ungenisifu tu mpaka mwisho, ningesema unanionea huruma, na nisingeimba tena. Uliposema pumzi iliniishia, kweli iliniishia, najua mwenyewe. Hapo ndipo nikaamini na yale mengine uliyoyasema."

Twalib akaivua kofia yake.

Ummy akarudi hatua moja. Hakuomba kinanda wala hakusafisha koo. Akasimama pale pale, kati ya cherehani yangu na mlango uliofungwa, akaimba beti ya mwisho ya wimbo wa Mahmoud. Wapita njia wakasimama. Akaifikisha mpaka neno la mwisho, akalishika, akaliweka chini zima, halina doa. Kisha akaaga kwa adabu akaenda zake, na Twalib akamfuata mbio mbio, kofia mkononi.

Niliingia ndani. Mama alikuwa amesimama nyuma ya mlango, kiganja chake kimelala juu ya mbao, na machozi yanamtoka hayafuti.

"Umesikia?" nikamuuliza.

"Pumzi imefika." Akavuta kamasi kama mtoto, akajikaza, akarudi kuwa Bi Mwajabu. "Lakini usithubutu kumwambia, Wahida. Atalisikia kwangu redioni, rekodi ikitoka."